Kabla ya Paris kulikuwa na Atlanta: stori ya mabinti wa Afrika kwenye kikapu cha Olimpiki

Wadau wa kikapu, mnaikumbuka Julai 2024? Kila ukifungua simu ni Sudan Kusini. Wale vijana warefu walikuwa wamewabana Wamarekani kule London, mechi ya kirafiki, mpaka ikaisha 101 kwa 100, na dunia nzima ikawa inaposti klipu. Haki yao kabisa. Ila wiki chache tu baadaye, bila kelele nyingi, timu nyingine ya Afrika ikafanya jambo ambalo timu yoyote ya bara hili, ya wanaume au ya wanawake, haikuwahi kulifanya tangu kikapu kiingie Olimpiki mwaka 1936. Ikafika robo fainali.

Hiyo ni D'Tigress, timu ya taifa ya wanawake ya Nigeria.

Watu wakaweka bendera ya kijani na nyeupe kwenye status siku mbili tatu, wakaulizana "hawa madada wametokea wapi?", halafu maisha yakaendelea. Swali lenyewe zuri sana. Jibu fupi la mitandaoni ni "Marekani", kwa sababu wengi wao wamezaliwa au wamesoma kule. Jibu la kweli ni refu zaidi. Linaanzia Atlanta mwaka 1996, linapita Kinshasa, Dakar, Bamako na Luanda, na njia nzima limejaa vipigo. Kaa vizuri tuanze.

Mlango uliokuwa umefungwa

Wanaume walianza kucheza kikapu kwenye Olimpiki ya Berlin, 1936. Wanawake walisubiri miaka 40, hadi Montreal 1976. Na hata walipofunguliwa mlango, ulikuwa mwembamba: timu 6 tu. Bingwa alikuwa Umoja wa Kisovieti, enzi zile ana Uljana Semjonova, dada mwenye urefu unaopita mita 2.10. Hebu fikiria unatakiwa umkabe huyo chini ya goli.

Mwaka 1988 zikawa timu 8. Mpaka Barcelona 1992, hakuna timu hata moja ya wanawake kutoka Afrika iliyokuwa imekanyaga uwanja wa Olimpiki kucheza kikapu.

Sasa mtu asikudanganye kwamba Afrika ilikuwa haichezi. Ubingwa wa Afrika wa wanawake ulianza 1966, na Misri ndiyo iliyoutwaa wa kwanza. Madagaska iliuchukua 1970. Halafu wakaja Senegal, na hao sio wa kuwachukulia poa: kufikia 1993 walikuwa na makombe 7. Zaire nayo ikaingilia kati mwaka 1983 na 1986. Kwa hiyo mabinti walikuwepo, viwanja vilikuwepo, na ushindani ulikuwepo. Kilichokosekana ni kiti mezani.

Zaire, timu ya kwanza

Kiti kilipatikana Atlanta 1996, mashindano yalipopanuliwa hadi timu 12. Nafasi ya Afrika ikaenda kwa Zaire, ambao walikuwa wamebeba ubingwa wa bara mwaka 1994 kule Johannesburg.

Kwa wadogo zetu waliozaliwa miaka ya 2000, Zaire linasikika kama jina la kwenye filamu. Ni Kongo hii hii ya Kinshasa. Mobutu aliibatiza Zaire mwaka 1971, na Mei 1997 alipong'oka madarakani, jina nalo likang'oka naye. Yaani timu ya kwanza ya wanawake wa Afrika kwenye kikapu cha Olimpiki iliwakilisha nchi ambayo, chini ya mwaka mmoja baadaye, haikuwepo tena kwa jina hilo.

Na walifikaje? Hapa ndipo stori inapouma. Gharama za timu pamoja na jezi zililipwa na Dikembe Mutombo. Ndiyo, yule yule wa NBA, mtoto wa Kinshasa, aliyekuwa akizuia mpira halafu anakutikisia kidole. Kiangazi kile kile alikuwa amehamia Atlanta Hawks. Soma tena taratibu: timu ya taifa, iko Olimpiki, na jezi zake zimelipiwa na mchezaji mmoja kutoka mfukoni mwake. Kwa Mutombo ni uungwana mkubwa. Kwa serikali ya Mobutu ni aibu.

Upande wa pili, Wamarekani walikuwa wameweka timu yao ya wanawake kambini karibu mwaka mzima, wakalipwa mishahara, wakazunguka dunia wakicheza mechi 52 za maandalizi. Walishinda zote 52. Hao ndio waliopangwa kundi moja na Zaire. Matokeo yakawa 107 kwa 47.

Zaire walipoteza kila mechi waliyocheza Atlanta, wakamaliza wa 12. Ukiangalia jedwali tu utasema hawakufanya kitu. Lakini kwenye timu ile kulikuwa na binti wa miaka 20 anayeitwa Mwadi Mabika. Mwaka uliofuata ligi ya WNBA ikaanza, naye akaingia Los Angeles Sparks, akatwaa nao ubingwa 2001 na 2002. Kipaji kilikuwepo Kinshasa muda wote. Ila bila Atlanta, nani angekiona?

Kongo haijawahi kurudi Olimpiki kwenye kikapu cha wanawake tangu siku hizo.

Vipigo, na ushindi mmoja ambao hakuna aliyeuposti

Twende haraka hapa, maana ukikaa sana utaumia.

Sydney 2000: Senegal, nafasi ya mwisho.

Athens 2004: Nigeria. Wakapoteza mechi zote za kundi. Ikabaki mechi ya kugombea nafasi ya 11, ile mechi ambayo watu wengi wameshafunga mabegi. Wakakutana na Korea Kusini, wakawafunga 68 kwa 64. Ndiyo mara ya kwanza kwa timu ya wanawake ya Afrika kushinda mechi ya kikapu Olimpiki. Kwenye kikosi kile alikuwepo Mfon Udoka. Wengi mnamjua mdogo wake, Ime Udoka, aliyekuja kuwa kocha wa Boston Celtics na kuwafikisha fainali za NBA 2022. Dada mtu alitangulia kuandika historia miaka 18 kabla, na bado ukimtaja mtaani watu wanakuuliza "nani?"

Beijing 2008: Mali, mechi 5, wakafungwa 5.

London 2012: Angola, mechi 5, wakafungwa 5. Marekani iliwapa 90 kwa 38.

Rio 2016: Senegal tena, mechi 5, wakafungwa 5. Marekani iliwatandika 121 kwa 56.

Tokyo, ile ya 2020 iliyochezwa 2021: Nigeria, mechi 3, wakafungwa 3.

Jumlisha kuanzia Beijing mpaka Tokyo. Mechi 18, ushindi sifuri.

Sasa kabla hujasema "Waafrika hatuwezi", angalia majina ya nchi hizo. Zaire, Senegal, Nigeria, Mali, Angola, Senegal. Kila Olimpiki nafasi ya Afrika ilikuwa moja tu, na kila mara aliyeipata alikuwa tofauti na aliyepita. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne Afrika ilipeleka timu geni. Wachezaji wanashangaa ukumbi, makocha hawajawahi kupanga mechi ya kiwango kile, viongozi wanajifunza hapo hapo mambo ya tiketi na malazi. Wanafungwa, wanarudi nyumbani, na walichojifunza kinaishia nao. Nyinyi mliowahi kucheza hata ligi ya mtaa mnajua: timu inayopangwa upya kila msimu haifiki mbali.

Nigeria ndio waliovunja mduara huo. Tokyo na Paris: mara ya kwanza kwa timu ya wanawake ya Afrika kwenda Olimpiki mbili mfululizo.

Adui wa ndani

Dalili zilianza kabla. Mwaka 2018, Kombe la Dunia kule Tenerife, Hispania, Nigeria ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Wakatolewa na Marekani, 71 kwa 40. Tokyo wakakutana tena na Marekani, na mechi ikaisha 81 kwa 72. Pointi 9 tu. Kutoka 31 hadi 9! Watu wa takwimu wakaanza kukuna vichwa.

Uwanjani mambo yalikuwa yanapanda. Ofisini ilikuwa vurugu mechi.

Septemba 2021 walitwaa ubingwa wa Afrika Yaoundé, mara ya tatu mfululizo, halafu badala ya kusherehekea wakatoa video hadharani wakidai posho zao. Mei 2022 mambo yakawa mabaya zaidi. Kulikuwa na mgogoro wa uongozi kwenye shirikisho la kikapu la Nigeria, na Rais Buhari akaamua kuiondoa nchi kwenye mashindano yote ya kimataifa ya kikapu kwa miaka miwili. Yaani wazee wanagombania viti, wanaofungiwa ni mabinti. Mwezi uliofuata serikali ikabadili uamuzi, lakini nafasi yao kwenye Kombe la Dunia la Sydney 2022 ilikuwa imeshapewa Mali. Mabingwa wa Afrika wakaangalia mashindano kwenye TV kama mimi na wewe.

Fikiria umri wa mchezaji. Miaka yako ya kuwa moto uwanjani ni kama 8 au 10. Kombe la Dunia linakuja kila baada ya miaka 4. Likikupita moja kwa sababu ya ugomvi wa watu wenye tai, hakuna wa kukurudishia.

Mwaka 2023 timu ikakabidhiwa kwa Rena Wakama, aliyewahi kuichezea Nigeria. Umri wake miaka 31. Kuna wachezaji waliokuwa rika lake kabisa. Wapo waliocheka. Akaenda nao Kigali, ukumbi wa BK Arena, wakaifunga Senegal 84 kwa 74 kwenye fainali na kubeba kombe la nne mfululizo.

Februari 2024, Antwerp, Ubelgiji, kwenye kufuzu Olimpiki, wakakutana na Marekani. Kipigo cha mbwa mwizi: 100 kwa 46. Kulikuwa pia na mechi dhidi ya Senegal. Wakashinda 72 kwa 65, tiketi ya Paris ikapatikana. Iweke akilini hiyo 100 kwa 46, tutairudia.

Paris, siku kumi na tatu

Ijumaa ya Julai 26, ufunguzi wa Olimpiki, timu zinapita kwenye boti Mto Seine. Mvua inanyesha, dunia inaangalia. D'Tigress hawakuwemo. Kwa mujibu wa shirika la habari la AP, ofisa mmoja wa msafara wao aliwazuia kupanda boti ya Nigeria, akidai watu wamezidi. Wakarudishwa kijiji cha wanamichezo. Kuna wachezaji ambao ile ingekuwa mara yao ya kwanza na ya mwisho kupita mbele ya dunia wakiwa na bendera yao.

Siku tatu baadaye wakaingia uwanjani Lille kucheza na Australia.

Australia sio timu ya kubahatisha. Hao walishamaliza wa pili Olimpiki mara tatu mfululizo, 2000, 2004 na 2008. Nigeria wakawakaba uwanja mzima kuanzia mpira unapoingizwa. Ukipokea mpira kuna mtu usoni, ukigeuka yupo mwingine. Australia wakawa wanaupoteza mpira ovyo kama wana sabuni mikononi. Ezinne Kalu akafunga pointi 19. Mwisho: 75 kwa 62.

Huo ulikuwa ushindi wa pili tu kwa timu ya wanawake ya Afrika katika historia ya Olimpiki. Wa kwanza ulikuwa ule wa Athens, ile mechi ya watu waliofunga mabegi. Miaka 20 katikati.

Agosti 1 wenyeji Ufaransa wakawapiga 75 kwa 54. Agosti 4 wakawa na Canada, na hesabu ilikuwa nyepesi: shinda uende robo fainali. Canada wakaanza vizuri. Robo ya tatu Nigeria wakaongeza ukabaji, Canada wakapotea kabisa. 79 kwa 70. Kocha na wachezaji wakakumbatiana katikati ya uwanja, machozi tu.

Robo fainali ikachezwa Agosti 7 jijini Paris. Mpinzani? Marekani, nani mwingine. Timu ambayo haijapoteza mechi ya Olimpiki tangu 1992. Wakafungwa 88 kwa 74, safari ikaishia hapo. Sasa rudi kwenye ile 100 kwa 46 ya Februari. Miezi sita tu, tofauti imetoka pointi 54 hadi 14.

Na kingine wengi hawakukiona: Australia, waliofungwa na Nigeria siku ya kwanza, ndio waliorudi nyumbani na medali ya shaba. Kwa hiyo hakuna wa kusema madada walimkuta mpinzani dhaifu. Rena Wakama naye akachaguliwa kocha bora wa mashindano ya wanawake. Miaka 32. Waliocheka wakanyamaza.

Septemba 30 mwaka huo huo, Dikembe Mutombo akafariki Atlanta, akiwa na miaka 58. Makala nyingi zikazungumzia kidole chake na hospitali aliyoijenga Kinshasa. Zile jezi za 1996 zikapewa sentensi moja, au zikaachwa.

Na sisi je?

Usidhani hii ni stori ya Afrika Magharibi peke yake. Kenya walicheza fainali ya ubingwa wa Afrika 1993 kule Dakar wakawa wa pili, na mwaka uliofuata wakaenda Kombe la Dunia Australia. Walimaliza wa 16 kati ya timu 16, lakini walifika. Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika 1997. Rwanda, walipokuwa wenyeji 2023, walimaliza wa nne mbele ya mashabiki wao. Sudan Kusini walikwenda ubingwa wa Afrika wa wanawake mara ya kwanza Abidjan 2025 na kuondoka na shaba. Na kwa kuwa DRC iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, ukitaka kuchokoza mtu unaweza kumwambia waliofungua njia Atlanta ni majirani zetu wa jumuiya. Atabisha, ila hana hoja.

Tanzania? Bado hatujafika Olimpiki kwenye kikapu, na hakuna haja ya kupamba. Ila mabinti wanacheza. Nenda uangalie JKT Stars au Vijana Queens kwenye ligi ya Dar halafu urudi uniambie hakuna kipaji. Wapo wanaojituma jioni nzima Kidongo Chekundu na Don Bosco, na jukwaani unakuta marafiki zao, ndugu wawili watatu na muuza karanga.

Na hapo ndipo historia hii inapotugusa mashabiki. Kuanzia Atlanta mpaka Paris, kipaji hakijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni nani analipia jezi, nani anatia saini ya posho, nani anaamua boti imejaa. Hao watu hubadilika pale tu wanapojua kuna macho yanawaangalia, na macho hayo ni ya kwetu. Angalia kilichotokea baada ya kelele za Paris: Agosti 2025, Nigeria walipotwaa kombe la tano mfululizo kwa kuifunga Mali 78 kwa 64, serikali ilitangaza dola 100,000 kwa kila mchezaji, nyumba na nishani ya taifa. Miaka minne kabla, mabingwa hao hao walikuwa wanarekodi video kudai posho.

Wa Zaire hawakupata hata kelele. Wa Mali na Angola vivyo hivyo. Walikwenda, wakapigwa, wakarudi, na jedwali likaandika sifuri.

Kombe la Dunia la wanawake lijalo ni Berlin, Septemba 4 hadi 13, 2026, na Nigeria wamo. Safari hii usisubiri mpaka robo fainali ndiyo utafute bendera. Anza nao siku ya kwanza, hata wakifungwa.

Haya, swali la leo: bila kugugo, unaweza kutaja wachezaji watano wa kike wa kikapu kutoka Afrika? Watatu je? Mmoja wa timu ya mkoa wako?